Makopo Kando ya Barabara

Dhoruba iliangusha miti yetu Buyenzi, basi Jumamosi tulitoka kupanda mingine. Mafundi wa gereji walikuwa wameotesha miche kwenye makopo ya mafuta ya injini, wakaamua kuyatoboa kitako na kuyafukia kila moja na mche wake, mizizi isisumbuke. Hakuna aliyefikiria kwamba nchi iko vitani, na sisi tunafukia vyuma kando ya barabara.

Askari wa kizuizi cha barabarani akatukuta. Akatuelekezea bunduki.

"Munazika nini hapo?"

Mikono yote juu. Nani athubutu kusema "kopo"? Mama muuza chai akachutama polepole, akang'oa mche. Udongo ukamwagikia kanga yake.

"Muti, shefu. Ni muti tu."

Askari akayatazama yale majani matatu, akashusha bunduki, akashusha na pumzi kuliko sisi.

"Mi nasimama pale kutwa, jua inaniunguza. Muniletee mumoja."

"Na kopo yake?" fundi akauliza, mikono ingali juu.

"Apana! Kopo mubaki nayo!"

Jana alinisimamisha pale kizuizini, kando ya mche wake. Nikaanza kupapasa mfuko, natafuta kitambulisho.

"Acha hiyo," akasema. "Uko na maji?"