Miiba Kwenye Njia ya Baiskeli

Mpaka leo sijui ni nani aliyeziba kwa matawi ya miiba njia yetu ya baiskeli katika msitu wa Turkwel, tulipokuwa walimu Lodwar miaka ya sabini. Mwenzangu alishika tawi alivute, akifoka, "Wanatutobolea magurudumu makusudi!"

Mama mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi hapo karibu akacheka, akatusalimia kwa Kiturkana. "Ejok, mwalimu. Vuta basi, ulale kwa shimo ya wale watu ya dhahabu."

Tukachungulia. Nyuma ya miiba, shimo la wachimbaji wa zamani lilikuwa wazi, halionekani mwisho. Mwenzangu akaliachia tawi taratibu.

Nadhani wengi tumeokolewa na watu tuliokuwa tukiwatukana.

Tukaamua njia ipite ukingoni mwa msitu, mbali na shimo. Mama akatangulia akiburuza fimbo mchangani, akatuchorea njia mpya.