Mbegu za Ndengu Zilizofungiwa Stoo

Jumanne mvua ya kwanza ilitukuta sisi wamama ndani ya ukumbi wa kanisa, Kathonzweni. Mbegu za ndengu tulizoahidiwa na mradi wa kilimo zilikuwa papo hapo, kwenye stoo iliyofungwa kufuli. Mbele yetu kijana wa mradi alikuwa akichora mishale kwenye karatasi kubwa: mafunzo yataleta mbegu bora, mbegu zitaleta mavuno, mavuno yataondoa njaa. Kando akaandika, "Tunategemea mvua inyeshe."

Mama jirani yangu akanyoosha kidole juu, kwenye mabati yaliyokuwa yakipigwa na mvua. "Na hiyo ni nini, mwanangu? Tupe mbegu twende shamba."

"Mama, mbegu ni Ijumaa, tukimaliza mpango. Bila mpango tutakuwa tunabahatisha."

"Na Ijumaa udongo ukiwa umekauka, nipande kwa karatasi yako?"

Kijana akakata mshale mmoja kwa kalamu, akauchora upya, umenyooka zaidi.

Siwachukii wanaopanga. Mwenye watoto hupanga kila asubuhi. Lakini maji yakichemka hutia unga, hakai kuchora ugali.

Ijumaa tulipewa mbegu, jua likiwa limeshakausha kila kitu. Ripoti yao itasema wamama wa huku huchelewa kupanda.