Ujumbe Uliokwama Kigoma

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya vita, mwanangu, hapa Kalemie, nilipoandika barua yangu ya kwanza kwa mafundi nisiowajua. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa katika biro, yaani ofisi, ya kutafuta jamaa waliopotezana. Waliovuka Ziwa Tanganyika kukimbia risasi walituma ujumbe kutoka Kigoma, nao ukaingia kwenye seva yetu. Programu ya seva ile iliandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta, ya bure, mali ya wote. Mafundi wake walikuwa wametawanyika duniani, na aliyeona kasoro aliieleza hadharani mtandaoni, wengine wakaijadili.

Kasoro niliiona. Mtandao ukikatika ujumbe ukiwa njiani, seva iliendelea kungoja kipande kilichobaki, na wenzetu wa Kigoma wakijaribu kutuma tena, iliwakatalia. Na kwetu mtandao ulikatika kila mara.

Basi nikaandika kama tulivyolelewa. Hapa huingii kwa mtu na shida mkononi. Unasalimu, unauliza watoto, unaeleza safari. Nikawasalimu, nikawasimulia vita, njaa na reli iliyokufa. Kasoro niliitia mwishoni, mstari mmoja. Wakajibu kwamba hawaelewi kilichoharibika, wakaifunga hoja, isijadiliwe tena.

Nilichomwa moyo. Nilidhani dawa ya moto ni moto, nikawaandikia kwamba hawajui kazi. Mmoja akasema mtandao wetu ndio mbovu. Nikamjibu, naye akanijibu. Wiki zikapita tukivutana, na nakiri nilianza kuufurahia ugomvi ule. Hasira hasara, mwanangu, lakini nani husikia akiwa kijana?

Kila siku ya soko Mama Zaina alikuja biro. Binti yake, Mwajuma, alipanda boti kwenda Kigoma mapigano yalipoanza, na tangu hapo kimya. Siku moja aliniuliza kwa nini naipiga ile mashine kwa vidole kama adui. Nikamweleza ugomvi wote, kwa majivuno kidogo. Akasikiliza hadi mwisho.

“Papa,” akasema, kama wanaume wanavyoitwa kwetu, “unabishana juu ya kushinda, ao juu neno ya binti yangu ipite?”

Alipoondoka nilituma ujumbe wa majaribio, nikachomoa waya katikati, nikarudisha, nikatuma tena. Nikaandika nilichofanya na seva ilichojibu, kwa mfuatano, bila tusi. Yule yule niliyegombana naye alichomoa waya kwake, akaona nilichoona. Akaomba radhi, nami nikaomba. Marekebisho yakaja upesi kuliko ugomvi wetu.

Ujumbe uliokwama ukaanza kuingia, na wa Mwajuma ukiwamo. Ulikuwa umekwama tangu wiki zile za ugomvi. Alisema yu mzima, anangoja jibu la mama, na lisipofika atafuatana na wenzake kwenda mbele. Tuliuliza Kigoma, alikwisha kuondoka, hawakujua wapi.

Nilimsomea Mama Zaina. Akasema, “Basi. Siku ile alikuwa muzima.” Akafunga kitenge chake, akaenda sokoni. Hakunilaumu, na hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiona kasoro, ya programu au ya mtu, salimu kwa ufupi, sema ulichofanya na ulichokiona. Wasipokuelewa, onyesha tena. Heri kujikwaa dole kuliko ulimi. Usipiganie jina lako huku mwenzako anangoja neno.

Nenda sasa, kuna kazi. Mungu akupe moyo usiochoka kueleza, na neno unalolingoja likufikie mapema.