Mikunjo Arobaini na Mmoja

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye faili la ofisi, na faili lenyewe lilishaliwa na mende. Watu walimwita Gundi. Kwa miaka thelathini na minane alikaa chumba cha nyuma cha maktaba ya mji, kati ya choo na stoo ya viti vibovu, akishona vitabu vilivyochakaa. Sindano, uzi uliopakwa nta, sufuria ya gundi ya unga wa ngano aliyoipika mwenyewe, na mbao mbili za kubania zenye skrubu za chuma: huo ndio uliokuwa ufalme wake.

Aliingia pale kufagia, hajui a wala be. Kusoma alijifundisha mwenyewe, tena kinyumenyume. Kitabu hakishonwi ukurasa mmoja mmoja. Kurasa hukunjwa pamoja, kumi na sita kumi na sita, kisha kila mkunjo hushonwa kwa mwenzake. Mkunjo unaong'oka mapema ni wa mwisho, kwa kuwa ndio unaosuguliwa mezani. Basi miaka yake ya mwanzo Gundi alisoma miisho mitupu. Alijua nani alikufa, nani alioa, nani alirudi kwao mikono mitupu, ila hakujua safari zao zilianzaje. Baadaye ndipo alipoanza kurudi nyuma, mkunjo kwa mkunjo, kama mtu anayefuata nyayo za mwizi.

Zama hizo mlangoni palikuwa na ndoo ya maji, na mtu hakugusa kitabu kabla ya kunawa. Jumamosi foleni ilifika barabarani. Sasa ndoo ile ilikinga bomba linalovuja, na waliokuja maktaba walikuja kuchaji simu. Kulikuwa na riwaya moja nyembamba, ya mjane aliyegoma kuhama nyumba yake, ambayo Gundi aliishona mara sita. Ya saba haikuja. Mhuri wa mwisho wa kuazimwa kwake ulikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Kwa hiyo siku alipoambiwa kwamba vitabu vinawaharibu watoto, alicheka mpaka akakohoa.

"Watoto gani? Waleteni niwaone! Nitawapikia chai!"

Lakini Kamati ya Maadili haikuwa na utani. Ilikuwa na watu saba, na mwenyekiti wake alikuwa kaka wa mke wa Gundi, mwalimu mkuu mstaafu mwenye tumbo la heshima na sauti ya kengele. Walileta orodha ya vitabu arobaini na kimoja, vya kuondolewa maktaba na katika shule zote za mji, vikasagwe kiwandani viwe trei za mayai. Orodha waliinakili kutoka mji jirani, nao mji jirani walikuwa wameinakili kwingine. Namba kumi na tisa ilikuwa kitabu cha ufugaji wa nyuki kiitwacho *Malkia Mmoja, Madume Mia*. Namba saba ilikuwa ile riwaya ya mjane. Kosa lake: "Inawafundisha wanawake ubishi."

"Shemeji," Gundi alimwuliza, "umekisoma?"

"Mimi nisome uchafu?"

"Sasa umejuaje kwamba ni uchafu?"

"Shemeji, ukiona moshi, mpaka uungue ndipo ujue kuna moto?"

"Moshi wenyewe hujauona. Umesimuliwa na aliyesimuliwa."

"Ndiyo shida ya watu wasiopita shule," mwenyekiti alisema, akimpigapiga begani. "Mkijua kusoma mnataka kusoma kila kitu."

Mkutubi mkuu, mama mwembamba aliyeogopa barua yoyote yenye mhuri, alikuwa tayari kukabidhi. Ila kulikuwa na kitu alichokiogopa kuliko barua: kanuni. Na Gundi, aliyewahi kukijalidi upya kile kitabu cha kanuni, aliijua ya ishirini na mbili kwa moyo. Kitabu cha maktaba hakifutwi mpaka anayetaka kifutwe atie saini kwamba amekisoma mwanzo hadi mwisho.

"Hiyo ni ya vitabu vichakavu," alisema mwenyekiti.

"Haijasema vichakavu," mkutubi alijibu, akitazama sakafu. "Imesema kitabu."

Mwenyekiti akacheka. Basi wangegawana, vitabu sita sita, yeye vitano, na baada ya wiki mbili warudi na saini. "Saini ni wino tu," alimnong'oneza Gundi akitoka.

Hapo ndipo Gundi alipoona kazi ya maisha yake inakwenda kubebea mayai. Wangetia saini bila hata kufungua majalada, na asingekuwa na la kusema. Akamwomba mkutubi siku tatu. Alisema ni aibu kuwapa waheshimiwa vitabu vilivyolegea.

Siku hizo tatu alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu ashike sindano. Alichukua kisu, akakata uzi wa mkunjo wa mwisho wa kila kitabu. Cha kwanza kilimchukua nusu asubuhi, maana mkono ulikataa. Mkewe, aliyemletea chakula cha mchana, alimkuta na kisu na akaweka bakuli chini polepole.

"Wewe ndiye unayekata?"

"Mimi."

"Uliyeninunia wiki nzima kwa kukunja pembe ya ukurasa?"

"Ulikunja pembe mbili."

Palipokuwa na mkunjo alibandika kikaratasi: *Kurasa za mwisho ziko kwenye matengenezo. Ulizia chumba cha nyuma.* Mikunjo arobaini na mmoja aliifungia kwenye droo yake.

Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili wajumbe sita walirudisha vitabu vyao, kila kimoja na saini yake safi: nimesoma mwanzo hadi mwisho. Mmoja wao alilalamika kwamba kusoma kote kule kumemuumiza macho. Gundi alimpa pole.

Mwenyekiti naye alitia saini vinne bila kuvifungua. Cha tano kilikuwa namba saba, na kilimkuta siku ambayo umeme ulikatika mtaa mzima na simu yake ikazima. Alikifungua ili apepee nzi. Keshoye mkewe Gundi alirudi kutoka kumsalimia kaka yake, akakaa kitako kibarazani, akacheka peke yake.

"Nimemkuta anakula huku anasoma. Kachovya tonge kwenye glasi ya maji."

"Kafika wapi?"

"Nitajuaje? Kila nikimsemesha ananyoosha kidole, nisubiri."

Siku moja kabla ya kikao, mwenyekiti alisimama mlangoni pa chumba cha nyuma, kofia mkononi, kama mzazi aliyeitwa shule.

"Shemeji. Yule mama. Wamekuja kuvunja nyumba, yeye kafunga mlango kwa ndani. Halafu kuna kikaratasi."

"Kipo."

"Alifungua?"

"Sina kumbukumbu nzuri. Mimi sikupita shule."

"Shemeji, usinifanyie hivyo."

Gundi alifungua droo, akatoa mkunjo. Mwenyekiti akanyoosha mkono, Gundi akaurudisha wake nyuma.

"Kanuni. Ukurasa uliong'oka hautoki jengoni. Meza ya kusomea iko mbele, dirishani."

"Pale watu watanikuta!"

"Mle wamekuja kuchaji simu. Nani atainua kichwa?"

Waliinua wote. Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili alisoma namba saba hadharani, midomo ikicheza, na alipomaliza aliugeuza mkunjo kuangalia kama nyuma kuna zaidi. Kisha aliurudisha.

"Mwisho mbaya," alisema. "Asingefungua. Mimi nisingefungua."

"Ungemjua tangu mwanzo, ungejua kwa nini alifungua."

"Mwanzo nimeuparamia kidogo."

"Basi urudie."

Kesho yake kikaoni mkutubi alisoma saini arobaini. Gundi alimwaga droo yake mezani: mikunjo arobaini, wa namba saba aliuweka kando, kila mmoja na kichwa cha kitabu chake, na kando yake vitabu vyenye vikaratasi ambavyo havijaguswa hata na ukucha. Wajumbe walitazama ile mikunjo kama watu walioletewa meno yao wenyewe. Mwenye macho mabovu aligundua kwamba ana safari.

Wote walimgeukia mwenyekiti, atafute njia. Njia ilikuwepo: angesema fundi ameharibu mali ya umma, mambo yaishe. Badala yake alijivutia vitabu vyake vinne.

"Nne kati ya hizo ni saini zangu," alisema. "Sikusoma. Kimoja nimesoma, na hicho siwezi kukifuta. Nina ugomvi nacho bado."

Saini zikabatilishwa, na vitabu vikabaki. Hapakupigwa makofi. Mkutubi mkuu alifungua kanuni ukurasa wa pili, akasoma ya thelathini: mfanyakazi atakayekata kwa makusudi uzi wa kitabu cha umma ataachishwa kazi. Katika kikao kizima kilichoitishwa kuangamiza vitabu arobaini na kimoja, aliyepatikana na hatia ya kuharibu vitabu alikuwa fundi. Gundi hakubisha. Angekuwa yeye ndiye mkutubi, angemfukuza mapema zaidi.

Aliomba tu avishone kwanza. Alivishona vyote kwa mwezi mmoja, uzi mara mbili, akaosha sufuria, akaondoka.

Orodha ambayo kamati iliibandika mlangoni hakuna aliyeibandua. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa, na watu ambao hawajawahi kusoma hata ratiba ya mabasi waliisoma yote. Wakaanza kuingia. Hawakutaja majina ya vitabu. Walisema, "Nipe namba kumi na nne," kama wanaita mchezaji wa mpira. Namba kumi na tisa iliwakasirisha wengi, ila mmoja wao alianza kufuga nyuki.

Baada ya miezi mitatu Gundi alichoka kukaa nyumbani. Alivaa shati la kutokea, akanawa mikono mpaka viwiko, akaenda maktaba kupitia mlango wa mbele. Mkutubi alimwandikia kadi ya uanachama, ya kwanza maishani mwake.

"Namba saba," alisema Gundi.

"Kimeazimwa."

"Nani kakichukua?"

"Kanuni hairuhusu kusema." Akapekua daftari. "Utakuwa wa tatu kwenye foleni. Mwenyekiti yuko mbele yako, anataka kukirudia mara ya tatu. Halafu mkeo."

"Mke wangu? Yule anakunja pembe!"

"Ana kadi, Mzee Gundi."

Alirudi nyumbani kwa miguu, akinung'unika njia nzima kwamba zamani watu walikuwa na adabu, walisoma haraka na kurudisha kwa wakati.