Chumvi ya Ghala la Pamba

Niulizeni mimi ubaya wa kusoma nusu. Chimie, yaani kemia, niliisoma miezi michache tu, halafu waasi wakaingia Uvira, mapadri waliokuwa wanatufundisha wakavuka kwenda Burundi, shule ikafungwa. Nusu hiyo ilinitesa kuliko bunduki zote za waasi.

Chumvi ilikwisha mjini. Malori hayakupita tena, mitumbwi haikuvuka. Tukawa tunakula sombe ya majani ya muhogo chapwa, samaki chapwa, kila kitu chapwa. Sisi wakubwa tulinung'unika na kumeza. Mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa ameanza tu kusema vizuri, alifunga mdomo wake. Ukimlazimisha, anatema. Mama akachoma matete, akachuja majivu yake katika nyungu yenye matundu chini, akachemsha yale maji mpaka ikabaki chumvi ya kizamani, kama bibi zetu walivyofanya. Mtoto akaonja ule uchungu, akalia, akaitema nayo. Mashavu yakaisha, miguu ikaanza kuvimba. Tulikuwa tunamwona anaondoka hivi hivi, mbele ya macho yetu.

Ndipo mama mukubwa, dada yake mama, akarudi kutoka Sange na fundo la kitambaa. Watu walikuwa wamevunja ghala la pamba kule, wakakuta magunia ya chumvi yamepasuka. Chumvi ilimwagika sakafuni, ikachanganyika na mchanga na unga mweupe wa dawa ya kuua wadudu wa pamba. Kila mtu alizoa alichoweza.

"Weye si ulisoma chimie?" akaniambia. "Safisha hii. Mutoto akule."

Nilijua nini mimi? Nilijua mchanga hauyeyuki majini na chumvi inayeyuka. Unatia maji, unachuja, mchanga unabaki, unachemsha maji, chumvi inarudi. Hayo hata mama aliyajua. Lakini dawa je? Kama haiyeyuki, itabaki na mchanga, tumepona. Kama inayeyuka, itapita pamoja na chumvi na kurudi pamoja nayo, nyeupe ndani ya nyeupe. Padri alitufundisha kwamba kitu safi kinayeyuka motoni kwenye joto moja tu, na kilichochanganyika kinayumbayumba. Vizuri sana! Tulipima nta ya mishumaa. Chumvi, alisema, inataka moto ambao hata shule haina. Na kipima joto chenyewe waasi walishakivunja, wakacheza na zebaki yake.

"Tujaribu kwanza kwa kuku," nikasema.

"Kuku gani?" Mama mukubwa akacheka kwa hasira. "Waasi balikula hata yenye ilikuwa inalalia mayai!"

Mama hakungoja. Aliyeyusha ile chumvi, akaimimina katika nyungu yake ya matundu, juu ya kitambaa na nyasi. Maji yakatoka maangavu. Akayachemsha mpaka chini ya sufuria ikabaki chumvi nyeupe inayometameta. Majirani wakapiga vigelegele. Mimi nikapiga kelele: jamani, nyungu haiwezi kushika kitu ambacho kimeshayeyuka! Nani angenisikiliza?

"Nyungu ya mama yetu haiyauwa muntu hata siku moja," akasema mama mukubwa.

Kwa majivu, ni kweli.

Mama akanitazama. "Iko safi ao haiko safi?"

"Sijui, mama."

"Kuko muntu mwingine hapa anajua?"

"Hapana."

"Basi minye nitakula wa kwanza. Kama kesho niko nasimama, mutoto atakula."

Nikasema nitakula mimi, nikanyoosha mkono. Akaupiga kofi. Mchana huo alikula sahani nzima ya sombe nimekaa mbele yake, namuuliza kila mara kama tumbo linauma. "Acha kunikodolea macho," akasema. "Siko nta ya mapadri." Na alikuwa anafurahia chakula, masikini, mpaka vidole alilamba.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka, anafagia uwanja, anaimba. Ningepaswa kushangilia. Nikawa namfuata nyuma ya ufagio: mama, sumu nyingine inachelewa, mama, mtu mzima anaweza kustahimili kitu ambacho mtoto hawezi.

"Inachelewa siku ngapi?"

"Sijui."

"Na mutoto huyu, bila kula, iko na siku ngapi?"

Niliwachukia waasi, nikawachukia mapadri, nikakichukia kichwa changu hiki kilichojaa maswali tu.

Akamwekea mtoto sombe. Mtoto akainusa, akachovya ncha ya kidole, akalamba. Halafu akaanza kula, kwa mikono yote miwili, mchuzi mpaka viwikoni, bila kuinua macho. Mama akajifunika uso kwa kitenge, akalia.

Sahani ilipokwisha, mtoto akatafuta aliye karibu na chungu cha sombe. Nilikuwa mimi. Akaninyooshea sahani.

"Niongezeye."

Nikamwongezea.