Mtani alivaa jaketi la marehemu, nikakimbilia shambani: nilivyotibiwa kiwewe cha ajali

Wakuu, heshima kwenu wakubwa, na wadogo hamjambo.

Wanaonijua humu wanajua mimi ni mtu wa nyuzi za magari, nabishana mpaka napigwa ban. Leo naandika yangu mwenyewe. Chumvi sijaweka, na mwenye kucheka acheke, ila asiombe yamkute.

Nilikuwa dereva wa Fuso, nabeba mahindi kutoka Ulaya, kijiji cha huku Kilosa siyo kwa Wazungu, kwenda Morogoro. Utingo wangu alikuwa Shabani, kijana wa Mikumi. Wenye kazi hii mnaelewa, utingo ni mdogo wako. Mnakula sahani moja, mnalala chini ya turubai moja.

Mchana mmoja tukiwa katikati ya mbuga ya Mikumi, nyati wakakatiza barabara ghafla. Nikakanyaga breki, mzigo ukahama, gari likalala ubavu.

Mimi nilitoka na michubuko. Shabani alibanwa. Hakufa palepale.

Trafiki walipima wakasema sina kosa. Mama yake, Bi Zaituni, alinipokea msibani kama mwanawe. Alikuwa na swali moja tu: "Mwanangu, aliondokaje?"

Kila akiuliza nainuka naondoka. Mwisho akaacha kuuliza kwa mdomo, akawa ananitazama tu. Afadhali angeuliza.

Ikafika arobaini.

Sasa kwetu watani wana kazi yao msibani. Wanamwigiza marehemu, wanadai chakula, wanasumbua mpaka wafiwa wacheke. Sipingi, inasaidia sana. Siku hiyo mtani wetu, mama mmoja wa Kisukuma kutoka Msowero, akavaa jaketi la Shabani na kofia yake, akatembea kwa kudunda vilevile. Watu hoi! Bi Zaituni mwenyewe alicheka huku anajifuta machozi.

Kisha mtani akachukua debe, akaligonga kama utingo anavyogonga bodi la gari kumhimiza dereva: "Twende suka! Twende!"

Wakuu, pale sikuwa tena msibani. Nilisikia harufu ya dizeli. Niliona mahindi yamemwagika kwenye lami. Nilitimua mbio, wakaja kunikuta nimejikunyata kwenye shamba la watu, nalia. Na maskini mtani akaja kuniomba radhi, jaketi bado kalivaa! Akanizidishia.

Basi, maneno yakaanza. Ana jini. Karogwa. Marehemu anamdai.

Na kweli hali yangu ilikuwa mbaya. Silali. Honi ikilia najitupa chini. Namfokea mke wangu kwa kudondosha mwiko tu. Kuendesha nikaacha, na nikiwa na safari ya Morogoro nazunguka Dumila kama abiria, ili nisipite mbugani.

Mke wangu, Mwajuma, akanipeleka kwa shehe. Shehe akanisomea, akanipa kombe, yale maji ya aya, nikanywa, halafu akasema: "Dua tunaendelea nazo, lakini na hospitali nenda. Elimu ya madaktari nayo katoa Mungu." Nitamwombea mzee yule maisha yangu yote.

Daktari wa Kilosa akaniandikia niende Morogoro kwa mtaalamu wa saikolojia. Nikagoma. Mimi siyo kichaa!

Mwajuma akanijibu: "Kwani nani kasema kichaa? Mguu ungevunjika ungekaa nao ndani unaubembeleza?"

Nikaenda. Namkuta binti mdogo, ananiambia "shikamoo kaka". Nikasema moyoni, nimweleze nini mtoto huyu? Akanisikiliza, akaniambia nina kiwewe, kile wanachokiita PTSD. "Kaka, ajali imeisha, ila mwili wako haujapewa taarifa."

Tiba yenyewe sasa. Nisimulie siku ile kuanzia chai ya asubuhi, hatua kwa hatua, miguu imekanyaga sakafu. Akiona nimepotea ananiuliza: "Hapa tuko wapi? Nitajie unachokiona." Naona feni. Naona kalenda. Haya, tuendelee.

Mara ya kwanza nilitapika. Nilitaka kuacha, nasema kweli. Lakini kadiri nilivyorudia, ikaanza kuwa habari iliyopita. Akanipa na mazoezi ya nyumbani: kukaa kwenye Fuso lililozimwa, baadaye likiwa linaunguruma.

Ikaja siku tukarudi kwa basi kutoka Morogoro kwa kupitia mbugani, Mwajuma kanibana mkono mpaka ukafa ganzi. Tulipofika Mikumi nikamwambia tushuke.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibuni."

Bi Zaituni alikuwa anapepeta mchele. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kukujibu." Akaweka ungo chini.

Nikamweleza. Alibanwa miguu, hakupiga kelele. Nilikaa naye kwenye nyasi nimemshika mkono, tukingoja watu waje kuinua bodi. Alinitania kwamba breki zangu kama za baiskeli ya babu. Kisha akaniomba nimtamkishe shahada.

"Akafuatisha?" mama akauliza.

"Akafuatisha yote, mama. Ndipo mkono ukalegea."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Alhamdulillah. Siku zote hizi nilidhani mwanangu alikufa peke yake."

Tulilia wote watatu, sioni aibu kusema.

Wakuu, nilidhani naficha maumivu yangu. Kumbe nilikuwa nimemfungia mama wa watu faraja yake. Ila ule ulikuwa ugonjwa, na una wataalamu wake. Ukiwa na ndugu anayeshtuka hovyo, anayekimbia watu, usimwite mwoga. Mpeleke.

Sijapona kabisa. Honi bado zinanisumbua, na usukani sijashika.

Madereva, mautingo, mlioona mambo barabarani mkayameza, semeni hapa, nitamjibu kila mtu. Nikichelewa mnivumilie. Bi Zaituni kapiga simu, anataka nimsimulie tena tangu mwanzo, na ninakwenda.