Losheni ya Shangazi

Juzi kliniki, muuguzi alinibadilisha bandeji ya sikio, pale nilipokatwa uvimbe wa saratani, kisha akafungua chupa ya losheni ya kukinga jua. Harufu ile niliijua. Ilikuwa harufu ya uso wa shangazi yangu.

Nina ualbino, na shangazi ndiye aliyenilea, Makongeni. Alasiri moja, nikiwa mdogo, muuguzi mmoja alikuja kwetu na chupa kama hiyo.

"Mama, mpake huyu mtoto kila akienda juani. Usisahau masikio."

Shangazi aliitikia kwa adabu zote. Muuguzi alipopiga kona tu, akaifungua, akainusa.

"Huyu ashakuwa mweupe. Aongezwe weupe wa nini?"

Alidhani ni krimu ya kung'arisha. Akajipaka yeye, uso mzima mpaka shingoni, akijigeuzageuza mbele ya kioo. Mimi akanipaka mafuta ya mgando na kunituma nje nikaanike nguo. Nilisimama pale kwenye kamba, harufu ya sabuni ya unga puani, nikimeta kama sufuria mpya huku masikio yakiwaka moto. Niliamini dawa ya muuguzi ilikuwa ya watu wazima, na kwamba nikikua nitapata yangu.

Jumapili shangazi alikuja kuniona. Aliitazama bandeji, akatikisa kichwa.

"Pole, mwanangu. Hili jua ni baya sana."

"Usilisingizie jua," nikamwambia. "Dawa yangu ililetwa mpaka mlangoni. Ukajipaka wewe."